Faini ya Maegesho Ugenini: Yanayosemwa na Yalivyo

Ukikuta karatasi imebanwa chini ya wipa katika mji usio wako, utapewa ushauri wa aina mbili: lipa yaishe, au ichane, nani atakufuata kwenu? Wanaoutoa huwa na uhakika sana, na mara nyingi hata karatasi yenyewe hawajaisoma.

Dhana: Kupinga faini ni lazima urudi ulikoandikiwa.

Dhana hii ndiyo inayowafanya wengi walipe faini wasizostahili. Mtu anapiga hesabu ya nauli na siku ya kazi, anaona heri alipe. Lakini kwingi rufaa za maegesho huendeshwa kwa maandishi. New York unaweza kujitetea kwa intaneti au kwa barua, ukaambatisha picha na maelezo, na mwamuzi akatoa uamuzi bila kukuona. Uingereza pingamizi la kwanza hupelekwa kwa halmashauri iliyokuandikia. Ikikataa, kuna baraza huru la rufaa ambalo halitozi ada na linaweza kukusikiliza kwa simu.

Kinachohitaji uwepo wako ni ushahidi, na huo unakusanywa kabla hujawasha gari. Piga picha ya kibao kwa karibu, kisha rudi nyuma hadi pale dereva anapoingilia upige tena. Watu husahau hiyo ya pili, nayo ndiyo yenye uzito: maandishi yanayosomeka vizuri kwenye picha ya karibu hayamwonyeshi mwamuzi kwamba matawi yalikuwa yamekifunika kibao kizima. Piga mistari iliyofutika, magurudumu yalivyokaa, ujumbe wa hitilafu kwenye mashine ya kulipia, na risiti ikiwa bado juu ya dashibodi. Kama umeshaondoka, picha za mitaa zilizo kwenye ramani za intaneti husaidia kidogo, ila tazama zilipigwa lini. Ya miaka mitatu nyuma inaweza kukuumbua.

Dhana: Siku zinahesabiwa tangu nilipofungua barua.

Hapana. Kwa kawaida huhesabiwa tangu ulipoandikiwa, au tangu notisi ilipochukuliwa kuwa imekufikia, hata kama ulikuwa safarini. New York una siku 30 za kujibu, kisha nyongeza zinaanza. Ufaransa, kwa utaratibu ulioanza 2018, pingamizi la awali hutumwa ndani ya mwezi mmoja. Italia angalau imemfikiria aliye mbali: anayeishi nje ya nchi ana siku 60 za kwenda kwa hakimu, mkazi ana 30.

Muda ukipita kabla barua hujaiona, usinyamaze. Andika mara moja, ambatisha tiketi ya safari au mhuri wa pasipoti. England na Wales kuna fomu maalumu ya kutamka kwamba notisi haikukufikia, na ikikubaliwa shauri hurudishwa nyuma. Ukidanganya humo, unajitafutia kesi kubwa kuliko ya maegesho.

Dhana: Lipa kwanza, utadai baadaye.

Kwingi kulipa kunafunga faili. Punguzo ndilo linalowaharakisha watu: Uingereza ni nusu ya faini ukilipa ndani ya siku 14, Italia ni asilimia 30 ndani ya siku 5. Lakini halmashauri nyingi za Uingereza, ukipinga ndani ya zile siku 14 wakakukatalia, hukupa tena nafasi ya kulipa nusu. Uliza kabla ya kutoa kadi.

Dhana: Gari ni la kukodi, wahusika ni wenye gari.

Soma mkataba ulioutia saini kaunta. Kampuni itawapa wenye mamlaka jina lako na kukukata ada ya usumbufu, na ada hiyo siyo faini. Faini yenyewe inakuja nyuma yake. Hatari zaidi ni kampuni ikiilipa kwa niaba yako, maana nafasi ya rufaa inaweza kuishia hapo. Waandikie siku hiyo hiyo wasilipe, waihamishie kwa jina lako.

Dhana: Karatasi ya kampuni binafsi haina nguvu.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali dereva atozwe pauni 85 kwa kupitisha saa mbili za bure kwa dakika 56 katika maegesho ya maduka. Kwa hiyo usiitupe. Ila kagua tarehe: chini ya sheria ya 2012 ya England na Wales, kampuni ambayo haikubandika kitu kwenye gari, na inataka kumdai mwenye gari badala ya dereva, ni lazima notisi yake imfikie ndani ya siku 14.

Dhana: Watanionea huruma, mimi mgeni.

Ugeni peke yake si utetezi. Kinachosikilizwa ni namba ya gari iliyokosewa, kibao kisichokuwepo, malipo uliyofanya, mashine iliyoharibika. Andika nusu ukurasa, taja namba ya notisi juu kabisa, na panga picha zifuatane na maelezo. Malalamiko kuhusu ukali wa askari wa maegesho yaache. Ukituma kwa intaneti, hifadhi picha ya ukurasa unaothibitisha kupokelewa, tarehe na saa zikionekana.