"Wakili, sisi tulishasaini kwa prinsipali"

Nimeisikia tena wiki iliyopita, mara ya tatu mwezi huu. Mama ameketi mbele yangu, anafungua mkoba, anatoa bahasha ya kaki, na ndani kuna karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari. Mistari minne. Ati sisi wazazi wa fulani tumepokea shilingi 6,500 za matibabu na hatutafuatilia jambo hili popote. Sahihi yake, sahihi ya diputi, yaani naibu wa prinsipali, muhuri wa shule. Kijana wake ni mono, yaani mgeni wa mwaka wa kwanza, gredi ya 10, wakubwa walimtoa kitandani usiku wakampiga makofi mpaka ngoma ya sikio la kushoto ikapasuka, na sasa ukimwita kutoka upande huo hageuki. Mama ananiambia kwa sauti ya chini, wakili, najua haiwezekani tena, tulishasaini.

Jameni. Hiyo karatasi haijafunga kitu.

Niseme polepole maana nimechoka kusema haraka. Kupiga mtu mpaka umuumize ni jinai, Kanuni ya Adhabu ya Kenya kifungu cha 251, miaka hadi 5, na jeraha likiwa baya sana tunahamia 234 ambako adhabu inafika maisha. Kesi ya jinai si mali ya mzazi wala ya prinsipali, ni ya serikali, ndiyo maana huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Kupatana kupo, hata Katiba kifungu cha 159 inakutaja, lakini jinai ikishafika kortini anayeruhusu wapatane ni korti, tena kwa makosa madogo, si diputi ofisini kwake na mzazi keshaambiwa akisumbua atafutie mtoto shule nyingine. Na fidia ndiyo kabisa, haki ya kudai ni ya mtoto, wewe unasimama tu kwa niaba yake, na kesi ikiwa kortini huwezi kuimaliza kwa mapatano bila korti kukubali. Sasa kama mbele ya hakimu huwezi peke yako, utaweza aje kwa karatasi ya daftari?

Tena mimi hiyo karatasi huipenda. Shule hailipi kwa sababu tu mtoto ameumia ndani ya geti, lazima nionyeshe walijua au walipaswa kujua, na hawakufanya kile mzazi mwenye akili timamu angefanya. Huyu diputi ameniandikia kwa mkono wake kwamba walijua, tarehe gani, na nani alikuwa ofisini. Wakidai zile 6,500 zihesabiwe kwenye fidia, sawa, zihesabiwe.

Ubaya wa karatasi ni kwamba inamlaza mzazi. Akishasaini anarudi nyumbani anatulia, na hapo ndipo kesi zinakufa. Huyu mama amekuja baada ya miezi minne, hana namba ya OB, lile daftari la matukio la polisi, hana P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu jeraha, alichonacho ni kikaratasi cha dispensari, na lile shati lililokuwa na damu kwenye kola alilifua, akalipiga pasi, kijana akarudi nalo shule. MSIFUE SHATI. Nimesema hadi wenzangu ofisini wananicheka. Likauke kivulini, liingie kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki, linaoza humo. Piga picha jeraha na sarafu ya shilingi 20 pembeni ili ukubwa wake uonekane. Hospitali kwanza, halafu stesheni wakuandikie OB na wakupe P3 daktari ajaze. Na muda unakimbia, madai ya namna hii dhidi ya serikali ni miezi 12, kwa wengine miaka 3, mtoto ana nafuu zake lakini zina masharti, usizilalie.

Maneno mengine ninayoambiwa na wazazi nayapitia mbio.

"Hata sisi tulimonolaiziwa, tulionewa tukiwa mamono, na tukatoka watu." Hii ni ya akina baba. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mateso ya mwili na ya akili kwa mwanafunzi, faini hadi 100,000 au miezi 6 au vyote. Halafu nikimuuliza huyo baba ni nani alikuwa anamlaza chini ya kitanda, ananitajia majina mawili na namba ya bweni bila hata kufikiri, miaka 30 baadaye.

"Lakini alikubali mwenyewe kucheza hiyo michezo yao." Saa tano usiku, tochi sita usoni. Alikubali nini?

"Waliompiga ni watoto, hawashtakiki." Sheria ya Watoto ya 2022 inasema chini ya miaka 12 ndiyo hawajibiki kwa jinai. Wa kidato cha nne ana 17. Atashughulikiwa kama mtoto, na kuna njia za kumrekebisha bila jela, na mkitaka maoni yangu, mara nyingi hiyo ndiyo nataka. Hasira yangu iko kwa watu wazima waliokuwa zamu wakaenda kulala.

"Mpaka mtu afungwe ndiyo tulipwe." Hapana, hizo ni kesi mbili. Ya jinai inataka uhakika usio na shaka ya maana, ya fidia inatosha ikionekana kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ilitokea.

"Utakula asilimia tukishinda." Hiyo ni sinema za Marekani, Kenya sheria ya mawakili haikubali mkataba wa kulipwa tukishinda tu. Na hakuna baraza la raia 12 wa kukupa mabilioni, hakimu anaangalia wengine wenye jeraha kama lako walipewa ngapi.

"Tulisaini fomu ya kujiunga kwamba shule isilaumiwe." Fomu haimpi mtu ruhusa ya kumpasua mtoto wako sikio.

Huyu mama polisi wameshamwandikia OB, barua ya madai imeenda shule, daktari wa masikio tunamwona Alhamisi. Shati ameniletea jana kama nilivyomwomba. Jeupe pe, limepigwa pasi hadi kola.