Sola au LUKU kijijini: maneno tunayobeba na ukweli wa juu ya paa

Kila Desemba, watu wa Moshi wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, simu yangu ya kazi haipumziki. Mtu amefika kihambani kwa wazazi, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, amekuta taa hafifu au giza kabisa, na anataka jambo hilo liishe kabla hajarudi kazini Januari. Swali huwa lilelile: tuweke sola au tuvute umeme wa TANESCO, ule wa kulipia kabla kwa LUKU? Na mara nyingi jibu analo tayari, kalipata kwa jirani au kwa muuza duka. Nafanya wayaring katika vijiji vya Moshi mwaka wa kumi na moja sasa, na nimeona fedha za wazee zikipotea kwa majibu ya kuazima. Haya ndiyo ninayoyasikia sana, na nilichokikuta mwenyewe.

"Umeme wa jua ni bure"

Jua halinunuliwi, hilo ni kweli. Lakini saa moja usiku jua halipo, kinachowasha taa ni betri, na betri ina umri.

Chukua betri ya asidi ya kawaida, ile ya volti 12 na Ah (ampia-saa) 100. Kwa hesabu ya juu ina akiba ya wati-saa 1,200. Ukiinyonya mpaka taa zizime zenyewe kila usiku, utaizika mapema sana. Ili idumu unatakiwa kutumia nusu tu, wati-saa 600, kisha uichaji ijae. Betri za lithiamu zinavumilia kutumika asilimia 80 na zaidi, na huchajiwa maelfu ya mara, lakini bei yake ya dukani ndiyo inayowarudisha watu kwenye asidi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme betri umeinunua shilingi 300,000 na imeishi miezi 30. Hapo kila mwezi umelipa 10,000, ila hukupewa risiti kwa hiyo hukuona. Nyumba hiyohiyo ingekuwa kwenye LUKU ingekula nini? Taa nne za LED za wati 7 zikiwaka saa tano ni wati-saa 140. TV ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Simu tatu, weka 30. Jumla ni 330 kwa siku, yaani kama uniti 10 kwa mwezi, maana uniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa bei iliyotangazwa 2016, mteja wa D1, lile kundi la matumizi madogo ya nyumbani, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Ongeza VAT asilimia 18, za REA (wakala wa umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, inakuwa 122. Uniti 10 ni shilingi 1,220. Weka na kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa humohumo kwenye LUKU, bado hujafika 3,000.

Kwa hiyo mtu ambaye nguzo iko getini kwake akaniambia anaweka sola ili abane matumizi, namwomba akae kwanza tuandike hizi namba kwenye karatasi. Uangalifu mmoja tu: ukivuka zile uniti 75, zinazozidi zinapanda hadi 350 kila moja, kabla ya kodi.

"Ni elfu 27 tu, umeme unaingia"

27,000 ni gharama ya kuunganishwa, na ni ya vijijini. Mjini, tangu Januari 2022, mteja wa karibu asiyehitaji nguzo analipa 320,960. Moshi ina maeneo mengi ambayo ukiyaangalia ni migomba na mbuzi, lakini kwenye makaratasi ni mji. Ulizia eneo lenu limeandikwa wapi kabla hujawaahidi wazazi.

Halafu kuna mita 30. Huo ndio umbali wa kuvuta waya kutoka nguzo iliyopo hadi nyumbani bila kuongeza nguzo nyingine. Vihamba vyetu ni virefu na vyembamba, barabara iko chini na nyumba ya mzee iko juu kabisa, kwa hiyo mita 30 zinaisha ukiwa bado kwenye kahawa.

Na kubwa kuliko yote ni wayaring ya ndani, ambayo haimo kwenye 27,000. Waya, mabomba, swichi, soketi, bodi ya swichi kuu, waya wa athi na fimbo yake ardhini, na fundi mwenye leseni ya EWURA wa kuisimamia. Hapo ndipo fedha nyingi inapokwenda. Kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu ya bibi anayeishi peke yake, ulizia UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kiboksi chenye soketi na sehemu za taa, kinafungwa bila kutandaza wayaring nyumba nzima. Nashangaa ni wachache wanaokijua.

Jambo la mwisho hapa: kusikia kwamba kijiji kimepata umeme hakumaanishi nguzo imefika kwenu. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na vitongoji zaidi ya 64,000. Laini inaweza kufika shuleni na zahanati, kijiji kikahesabiwa, na kitongoji chenu kikabaki kinasubiri awamu nyingine.

"Kilimanjaro kuna jua mwaka mzima, sola itafanya kazi popote"

Hii ndiyo iliyompata shangazi yangu, Kibosho, juu kwenye miteremko ya mlima.

Alifungiwa paneli ya wati 100 na betri moja. Miezi ya kwanza, iliyokuwa ya kiangazi, aliifurahia. Ilipofika Juni taa zikawa zinazima saa tatu usiku. Fundi aliyemfungia akamwambia betri ni ndogo, akamuuzia ya pili. Taa zikaendelea kuzima saa tatu.

Nilipanda kumwona Jumamosi moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Panda polepole, bati hilo limechoka."

Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu umeachia kidogo. Nilipofika juu nilikuta kivuli cha jani moja la mgomba kimelala upande wa chini wa paneli, hakijafunika hata robo yake. Nikaweka multimita kwenye waya unaokwenda kwa kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri: ampia 0.9. Nikamwomba kijana wa jirani avute lile jani pembeni kwa fimbo. Ikaruka hadi 4.6. Akaliachia, ikarudi 0.9.

Vigae vya paneli vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yanavyopita kihamba kwa kihamba. Mtu akitupa udongo mfereji ukazibika mahali pamoja, walio chini hawapati maji hata kama mto umejaa. Kivuli kwenye vigae vichache vya chini kinabana paneli nzima. Ile betri ya pili haikuwa na kosa lolote, ila ilikuwa inasubiri umeme ambao haukuwahi kushuka kutoka kwenye bati. Shangazi alikuwa ameuza debe kadhaa za mahindi kuinunua.

Nikamwambia tukate jani. Akaniangalia vibaya: mgomba ule ni wa mshare, una mkungu, na jani ndilo linaloulisha. Nikahamisha paneli mita nne, upande wa paa usiofikiwa na kivuli. Taa zikafika saa tano usiku.

Lakini hazikufika asubuhi, na hapa ndipo penye somo la pili. Kuanzia masika hadi Agosti, wingu linakaa kwenye miteremko ya kusini ya mlima siku nyingi, kuna wiki mlima hatuuoni kabisa. Paneli inakula mwanga, na mwanga huo wa wingu ni mdogo. Nikifunga sola tambarare, kule Kahe au Chekereni, naipigia hesabu ya saa nne za jua zuri kwa siku. Nikifunga juu, naihesabia mbili na nusu, kwa sababu mteja wangu atahitaji taa Julai pia. Watu wa ukoo mmoja, mmoja ana nyumba kihambani na mwingine kule shambani chini, wanaweza kununua seti ileile dukani siku moja, na mmoja akaisifu na mwenzake akaitukana. Wote wawili wanasema kweli.

Wapo pia wanaodhani paneli inataka joto. Inataka mwanga, joto linaipunguza, kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya nyuzi 25. Ikilalia bati moja kwa moja na kufika nyuzi 60, imepoteza kama asilimia 14. Iinue kidogo hewa ipite chini yake, na uiwekee mwinamo ili mvua iioshe vumbi.

"Sola haibebi friji" na ndugu yake, "sola inabeba kila kitu"

Inabeba ulichoipimia. Friji ndogo ya nyumbani inaweza kula kama uniti moja kwa siku, wati-saa 1,000. Ukiiongeza kwenye zile 330 za mwanzo unahitaji paneli za karibu wati 500 tambarare, na zaidi ukiwa juu. Ukitaka akiba ya siku mbili kwa betri za asidi, utapanga nne au tano za Ah 100. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iwe ya wimbi safi, na iwe na nguvu ya kutosha kwa ule mshtuko wa friji inapoanza kuzunguka, ambao ni mara kadhaa ya wati zilizoandikwa ubavuni.

Pasi ndiyo inayovunja nyumba. Wati 1,000 kwa nusu saa ni wati-saa 500. Umenyoosha nguo za Jumapili na umemaliza umeme wa taa, TV na simu za siku nzima. Birika la umeme, heta ya maji, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe na ya kuchomelea ni vilevile. Anayefikiria kufuga ng'ombe wa maziwa ndani na kukata majani kwa mashine, au kufungua saluni pale barabarani, namwambia wazi avute umeme hata kama ni nguzo mbili.

Upande wa pili yupo baba yangu mdogo, mwenye shamba kule chini. Nguzo ya karibu iko zaidi ya kilomita moja. Huyu sikumpotezea muda na habari za LUKU. Ana taa, redio, simu, na pampu ya sola inayofanya kazi mchana tu bila betri yoyote, ikijaza tanki lililoinuliwa. Akiba yake ni maji, na maji kwenye tanki hayachakai kama betri. Mfumo wake ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kufunga.

"Umeme wenyewe unakatika kila siku, wa nini?"

Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, na hasira za watu zilikuwa za haki. Lakini Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha, na bwawa hilo limepangwa na mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Kwa kulinganisha, mtambo wa bwawa la Nyumba ya Mungu, inayopokea maji ya kwetu hapa, ni megawati 8. Uchache wa umeme ni tatizo moja, na mti kuangukia waya ni lingine. Huku juu ninachokiona zaidi ni tawi la mgrivelia, upepo, au transfoma iliyozidiwa, na huo unakatika kwa masaa, kitongoji kimoja. Kwa masaa hayo unachohitaji ni taa mbili na chaji ya simu.

Na kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema wakishavuta umeme wanauza sola. Iache. Isipokuwa hapa kuna jambo ambalo nalisema kwa ukali hata kwa wateja wazee: usimruhusu fundi achomeke inveta ya sola kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake umeme ukikatika. Umeme huo unaweza kurudi nyuma kupitia mita hadi kwenye laini. Transfoma inayoshusha volti kuja kwako inazipandisha zikienda upande huo mwingine, na juu ya nguzo yuko kijana wa watu anayerekebisha waya akiamini umekufa. Ama weka swichi ya kuchagua, inayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ama tenga waya kabisa.

Kwa shangazi nilitenga. Alivuta umeme mwaka jana, nguzo moja, na soketi zote ziko kwenye LUKU pamoja na presha kuka yake ya maharage. Taa ya jikoni, ya sebuleni na ya zizini zina waya wake peke yake mpaka kwenye betri, ile ya pili, ambayo sasa ina kazi. Mgomba wa mshare tuliuvuna, na chipukizi lake limeshafika usawa wa bati. Nimemwachia kijana wa jirani ile fimbo.