Mzee Anaharisha, Kumbe Amefunga Choo

Kuna jambo moja ningependa kila anayemuuguza mzee nyumbani alijue kabla ya jingine lolote: mzee anayechafua nguo kwa choo chepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, huenda haharishi. Huenda amefunga choo, tena vibaya.

Kwenye kliniki ya magonjwa ya ndani hili nakutana nalo kila mara. Familia inafika imechoka kufua mashuka. Mama ameshanyweshwa ORS, ameshamaliza dozi ya dawa ya amiba, na duka la dawa limeongezea vidonge vya kuzuia kuharisha. Nikiuliza, "Kabla hajaanza kuharisha, mama alikuwa anapata choo vizuri?" watu wanatazamana. Anayekumbuka ni yule anayemwogesha: alikaa karibu wiki nzima hajaenda haja kubwa, na mara ya mwisho alitoa vigololi vikavu kama vya mbuzi.

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Choo kikikaa humo muda mrefu kinazidi kukauka, kinajikusanya chini karibu na njia ya haja kubwa, mwishowe kinakuwa bonge ambalo misuli ya mzee haiwezi kulisukuma. Choo cha juu yake, ambacho bado ni chepesi, kinapenya pembeni mwa bonge hilo na kuvuja. Mzee hawezi kukizuia, na pengine hata hasikii kinapotoka. Sasa ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha, unaulaza utumbo ambao tayari umezidiwa. Bonge linakua. Linaweza kukandamiza kibofu hadi mkojo ugome. Mzee anakataa chakula, anatapika, au anaanza kuweweseka usiku na kutowatambua watu wake, nanyi mnadhani uzee umemfika kichwani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Ni kidole cha mhudumu chenye glavu na mafuta ya kulainisha, kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa kuhisi kama kuna bonge, baada ya kumwomba mzee ruhusa na kuvuta pazia. Wahudumu wengi wanakiruka kwa kumwonea haya mzee, na jibu linawapita. Kama daktari hajakitaja, mwombeni kwa adabu akifanye. Sisemi kila kuharisha ni kwa aina hii. Wapo wanaoharisha kwa sababu ya metformini ya kisukari, kwa antibiotiki, au kwa maambukizi ya kweli, na hao wanahitaji tiba nyingine kabisa. Ndiyo maana tunapima kwanza.

Baada ya hapo naomba mfuko wa dawa. Nataka zote, hata zile za dukani na zile alizogawiwa na jirani. Mfuko wa kawaida wa mama wa miaka 78 una amlodipini ya presha, vidonge vya kuongeza damu, tramadoli ya magoti, amitriptilini aliyoandikiwa apate usingizi, na Piriton iliyobaki tangu mafua ya mwaka jana. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kufunga choo. Vikikutana vyote vitano kwenye tumbo la mzee asiyetembea sana, usishangae. Lakini tafadhali, usimwachishe dawa ya presha kwa uamuzi wako. Njoo nazo, tuangalie ipi ibadilishwe, ipi ipunguzwe na ipi haina kazi tena. Tutapima pia sukari na homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa tezi ikilegea, utumbo nao unalegea.

Nauliza vilevile choo kiko wapi. Swali hili huwashangaza watu, ila majibu yake yananisaidia kuliko vipimo vingi. Choo kipo nje, nyuma ya nyumba, taa hakuna, na ni cha kuchuchumaa. Mama ana magoti yaliyokwisha. Akichuchumaa hainuki bila kushikwa mkono. Hataki kumwamsha mkwe wake usiku, kwa hiyo haja ikimjia anaibana, na haja ikibanwa mara nyingi inaacha kuita. Ili asiamke usiku, anapunguza maji tangu alasiri. Kiu yenyewe hupungua kadiri umri unavyokwenda, hivyo hata hasikii kwamba amekauka.

Hapa fundi seremala anaweza kusaidia kuliko mimi. Kiti imara chenye mikono, kikatwe tundu katikati, ndoo yenye mfuniko iwekwe chini, kikae chumbani kwake nyuma ya pazia. Miguu ipumzike juu ya kibao kifupi ili magoti yapande kidogo kuliko nyonga. Mkao huo unanyoosha njia ya choo, na ndiyo faida ya kuchuchumaa bila mateso yake. Mkalishe hapo kila asubuhi, robo saa hadi nusu saa baada ya uji au chai, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao unaamka, hasa asubuhi. Asiharakishwe, na asikamue kwa nguvu.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, maana wengi mnakijua. Ugali wa dona badala ya sembe, uji wa ulezi, maharage au choroko, mchicha, matembele, papai, parachichi. Ongezeni taratibu, la sivyo atajaa gesi. Maji yafike kama lita moja na nusu kwa siku, mengi ayanywe kabla ya alasiri, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo na amewekewa kipimo chake. Lakini mzee mwenye bonge tayari asirundikiwe pumba na mboga: bonge litolewe kwanza, lishe ifuate.

Dawa ninayoanza nayo mara nyingi ni laktulozi, ambayo huvuta maji yakalainisha choo. Inachukua siku 2 hadi 3 kufanya kazi, kwa hiyo msiiache siku ya kwanza mkisema haifai. Sanamaki ya sokoni ni dawa ya kweli na hata hospitalini tunayo ya vidonge. Tatizo ni vipimo vya kukisia. Mafuta ya nyonyo yanakamua tumbo na kumkausha mzee. Haluli, ile chumvi ya kuendesha tumbo, ina magnesiamu, na mwenye figo dhaifu inaweza kumlundikia mwilini hadi moyo ukaathirika. Maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa yanaunguza utando wa ndani. Hayo matatu naomba yaachwe kabisa.

Tatizo jingine ni nani wa kumuuliza. Mtoto wa kiume hamuulizi mama yake habari za choo, na mama naye atajibu "tumbo tu linasumbua." Mjukuu anaweza, kwa utani wao. Mpeni daftari aandike kila siku: bibi ameenda, hajaenda, kigumu au laini. Daftari hilo likija kliniki, nusu ya kazi imekwisha.

Kuna dalili ambazo hazisubiri daftari. Damu kwenye choo, choo cheusi kinachonata hasa kwa anayemeza dawa ya maumivu ya diklofenaki, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au choo kilichobadilika ghafla kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwa na shida: hapo tunatafuta kidonda au saratani, msikae na laktulozi nyumbani. Na mzee ambaye tumbo limevimba na kukaza, ana maumivu, anatapika, hatoi choo wala hewa, huenda utumbo wake umejisokota. Huyo asipewe chakula wala dawa yoyote ya kulainisha choo. Apelekwe usiku huohuo, na iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji.