Mshauri nasaha asiyeona na siri zako

Ujumbe wa zamani bado unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, Kampala hadi Arua: usimpelekee shida zako mshauri nasaha asiyeona, kwani haoni machozi yako, na mafaili yake husomewa na mtu mwingine, kwa hiyo siri itavuja.

Si kweli. Kazi hii ni ya kusikiliza hasa. Sauti inayokwama, pumzi inayokatika, kiti kinacholia kila jina la mume linapotajwa: yote yanasikika. (Na wanaoshauri kwa simu, wenye macho yao mazima, nao hawaoni machozi ya mtu.) Kumbukumbu anaweza kuziandika mwenyewe, kwa nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole) au kwa kompyuta yenye programu inayosoma maandishi kwa sauti. Akivaa hedifoni, aliye kando hasikii neno.

Nadhani mkanganyiko unaanzia mlangoni. Watu humwona akishikwa mkono na msaidizi, wakadhani huyo huketi naye ndani. Kumfikisha mtu ofisini si kusikiliza maongezi.

Ukitaka kuhakikisha, muulize mwenyewe, kama ambavyo ungemuuliza mshauri yeyote: amesomea wapi, kumbukumbu anazihifadhi vipi, nani mwingine huwamo chumbani. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 35, inatambua haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa utu wao, na sheria ya mwaka 2020 inakataza kuwabagua kazini. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwambie aliyeutuma, kwa upole, kwamba si kweli.