Kutafuta faili kwenye bakapu za zamani: kwa nini programu inasema haipo ilhali ipo

Swali ninaloulizwa zaidi kazini huja na hasira kidogo: "Bakapu zinatunzwa miaka, nimetafuta faili ya mwaka juzi tu, programu inasema hakuna kitu. Hizi bakapu zinafanya kazi kweli?" Mara nyingi zinafanya kazi, na faili imelala palepale ilipowekwa. Kilichofutika ni maandishi yanayosema ipo wapi. Watu wengi hawajui kwamba hivi ni vitu viwili, na kwamba kimoja huweza kufa kabla ya kingine.

Programu ya bakapu inaponakili faili, inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamwaga data yenyewe kwenye diski, kanda au wingu, ikiwa imebanwa, imekatwa vipande na aghalabu imesimbwa, yaani haisomeki bila nenosiri. Papo hapo inaandika kwenye hifadhidata yake: faili hii, folda hii, ukubwa huu, tarehe hii, ilichukuliwa na kazi namba fulani (kazi ni mzunguko mmoja wa kunakili), iko kwenye kanda fulani. Hifadhidata hiyo ndiyo katalogi. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, programu haigusi data hata kidogo, inasoma katalogi tu. Ni sawa na mtunza ghala anayekujibu kwa kufungua daftari bila kuinuka kitini: ukurasa ukiwa umechanwa, atakuambia mzigo haupo, na hatakuwa amekudanganya.

Haiwezekani kufanya vingine. Kanda moja ya sumaku ya aina ya LTO-9 hubeba TB 18 kabla ya kubanwa, na husomwa kwa kasi ya MB 400 kwa sekunde. Kuisoma kutoka mwanzo hadi mwisho ni saa 12 na nusu, tena kama hakuna kinachoikwamisha. Sasa weka rafu yenye kanda themanini, halafu mtu anataka barua moja ya Word. Hata kwenye diski tatizo ni lilelile kwa kiwango kidogo. Faili za tar, muundo wa kufungasha faili nyingi pamoja uliotoka na mfumo wa Unix Toleo la 7 mwaka 1979, hazina faharasa yoyote. Kujua kilichomo lazima uzipitie kichwa kwa kichwa hadi mwisho. Zip huweka orodha yake mwishoni mwa faili, ndiyo maana hufunguka mara moja.

Shida ni kwamba katalogi hunenepa. Chukua seva yenye faili milioni 5 zinazonakiliwa zote mara moja kwa wiki. Kwa mwaka hiyo ni mistari milioni 260, na bado hujahesabu nakala za nyongeza za kila usiku, zile zinazochukua kilichobadilika tu. Kwa hiyo programu nyingi hupogoa katalogi zenyewe, kimyakimya, kwa ratiba ambayo aliyeisimika labda hakuwahi kuisoma.

Bacula, mojawapo ya programu za bakapu, inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingi, kwa sababu inatenganisha muda wa vitu vitatu. Usipogusa chochote, rekodi za faili mojamoja hukaa siku 60, rekodi za kazi nzima siku 180, na kanda au diski inayobeba data hulindwa siku 365. Maana yake ni kwamba baada ya miezi miwili data bado ipo na italindwa karibu miezi kumi zaidi, lakini huna tena majina ya faili zilizomo. Ukijaribu kurejesha faili ya zamani, Bacula inakuambia hakuna faili zilizoingia kwenye mti wa kuchagulia, kwamba huenda muda wa kutunza rekodi ndio umeziondoa, kisha inakuuliza: je, nirejeshe faili zote? Mtu mwenye haraka huona hiyo sehemu ya kwanza, anafunga dirisha, anakwenda kumwambia bosi kwamba faili imepotea. Ule ujumbe ungesomwa hadi mwisho ungemwonyesha njia: kazi bado inajulikana, kanda bado ipo, unaweza kurejesha yote pembeni kwenye diski ya muda na kuchagua unachotaka.

Hata rekodi za kazi zikishaondoka, bado si mwisho. Kuna zana za Bacula: bls, inayoorodhesha yaliyomo kwenye kanda bila kuuliza katalogi, na kuna bscan, inayoisoma kanda na kuandika upya katalogi kutokana nayo. Karibu kila programu kubwa ina kitu cha namna hiyo, iwe inakiita kuingiza upya au kukatalogi upya. Ni kazi ya saa nyingi, na inakutaka ujue ni kanda gani, kwa hiyo lebo iliyoandikwa vizuri ubavuni mwa kanda huokoa siku nzima. Lakini inawezekana mradi kanda haijaandikwa juu yake.

Msimamo wangu ni huu: rekodi za faili zitunzwe muda uleule unaotunza data. Wanaopunguza katalogi "kuokoa nafasi" hubishana nami kila mara, na kila mara huwa wanaokoa gigabaiti chache za hifadhidata ili kuficha terabaiti walizozilipia.

Si programu zote zimejengwa hivyo. Restic na Borg, programu nyingine za bakapu, hazina katalogi ya pembeni. Orodha ya faili za kila snapshoti, yaani hali ya folda zako zote kwa saa fulani, imehifadhiwa ndani ya ghala lilelile la data. Ukitafuta, programu inapita mti wa kila snapshoti mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo ni polepole zaidi kuliko kuuliza hifadhidata. Faida yake ni kwamba hakuna siku majina yatafutika huku data ikibaki. Gharama yake iko kwenye nenosiri: kwa kawaida majina nayo yamesimbwa, hivyo ukilipoteza huoni hata orodha.

Mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva, zina mtego wao. Ukinakili mashine nzima, katalogi inaona kitu kimoja tu: diski kubwa ya mashine hiyo. Faili elfu tisini zilizo ndani yake hazijulikani kabisa mpaka mtu awashe uorodheshaji wa ndani. Kwenye programu ya bakapu ya Veeam, kwa mfano, unaweza kufungua nakala ya tarehe moja na kupekua folda zake hata kama uorodheshaji haukuwashwa. Kutafuta jina moja katika nakala zote kwa mkupuo ndiko kunakohitaji uorodheshaji uliokuwa umewashwa tangu awali, na kuuwasha leo hakukusaidii kwa nakala za jana. Kama hukuwasha, kilichobaki ni kukisia tarehe, kufungua, kutazama, kufunga, na kujaribu nyingine.

Tuje kwenye kutafuta kwenyewe. Watumiaji hawakumbuki jina la faili. Wanakumbuka kwamba "ilikuwa kabla ya ukaguzi" au "ilikuwa na neno ripoti". Kwa hiyo usianze na jina kamili. Anza na folda na kipindi. Nenda kwenye snapshoti ya wakati ambao mtumiaji ana hakika faili ilikuwepo, fungua folda aliyokuwa akifanyia kazi, mpe aangalie mwenyewe. Macho yake yatalitambua jina ambalo kumbukumbu yake haikulipata.

Tarehe nazo zinachanganya, kwa kuwa ziko mbili. Kuna siku faili ilipobadilishwa mara ya mwisho na kuna siku ilipochukuliwa na bakapu. Faili iliyoguswa mara ya mwisho mwaka 2019 inaweza kuwa ndani ya bakapu ya usiku wa jana. Kabla ya kuchuja kwa tarehe, jua kichujio kinatumia ipi. Amri ya restic find, ukiipa --oldest na --newest, inachuja kwa tarehe ya kubadilishwa kwa faili, si tarehe ya snapshoti, na nimeona watu wenye uzoefu wakikwama hapo. Kuna pia suala la saa: seva nyingi huandika muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kazi iliyoanza kabla ya usiku wa manane ikaisha alfajiri huorodheshwa chini ya siku iliyoanza. Ongeza siku moja kila upande wa kipindi chako, matatizo mengi ya aina hii yataisha yenyewe.

Herufi ni tatizo dogo linalokula saa nyingi. Linux inatofautisha Ripoti.docx na ripoti.docx, kwa hiyo restic find -i "*ripoti*" ni salama kuliko kuandika jina lote. Herufi zenye alama juu ni mbaya zaidi. Herufi é yaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama e ikifuatiwa na alama yake peke yake. Kwenye skrini zinafanana kabisa. Kwa kompyuta ni mifuatano miwili tofauti. Mfumo wa zamani wa faili wa Mac, HFS+, ulihifadhi ile namna ya pili, na bakapu zilizotoka huko bado zipo kwenye maghala mengi. Weka nyota mahali pa herufi hiyo uendelee.

"Hakuna" ya kweli pia ipo. Faili iliyotengenezwa asubuhi na kufutwa jioni kabla ya kazi ya usiku haijawahi kuingia kwenye bakapu yoyote, na hakuna bscan itakayoitoa.

Ukishaipata, usikimbilie kurejesha. Watu hurejesha ili watazame, kisha wanagundua wameandika toleo bovu juu ya toleo zuri. Pachika snapshoti kama folda ya kusoma tu. Restic mount na borg mount zinakupa snapshoti zikiwa zimepangwa kwa muda, unazipitia kama folda za kawaida, unafungua faili, unalinganisha, na hakuna kinachoweza kuharibika. Restic mount haifanyi kazi kwenye Windows. Huko tumia restic ls kuona orodha na restic dump kutoa faili moja.

Katika kulinganisha matoleo, ukubwa husema mengi kabla hujafungua chochote. Tuseme jedwali la hesabu lina KB 402 Jumatatu, KB 410 Jumanne, KB 38 Jumatano, na KB 38 siku zote zinazofuata. Huhitaji maelezo zaidi: kuna mtu alifuta karatasi nzima Jumatano akahifadhi, na toleo unalolitaka ni la Jumanne. Kwa mashambulizi ya kusimba faili ili kudai fidia, tafuta kiendelezi cha ajabu (herufi za mwisho wa jina, kama .docx) kilichobandikwa kwenye majina na uone kilitokea kwa mara ya kwanza kwenye snapshoti ipi. Hati za kabla ya hapo kwa kawaida ni nzima. Programu za kabla ya hapo sizirejeshi bila uchunguzi, kwa kuwa mvamizi huwa ameshakaa ndani muda kabla ya kujionyesha.

Angalia pia faili "zilizofufuka". Baadhi ya programu zikiunganisha nakala kamili na za nyongeza huonyesha hata faili zilizokuwa zimeshafutwa. Bacula hufanya hivyo usipowasha hali ya Accurate, inayofuatilia pia faili zilizofutwa. Kwa mtafutaji ni bahati. Kwa anayerejesha seva nzima ni takataka.

Wingu la kuhifadhi kwa muda mrefu linatenganisha kuona jina na kuona kilichomo. Kwenye S3 Glacier Deep Archive ya Amazon orodha unaipata mara moja, lakini kuitoa data huchukua hadi saa 12 kwa njia ya kawaida na hadi saa 48 kwa njia ya bei nafuu. Hapo ndipo muundo wa restic unapogeuka mzigo: ukisukuma ghala lote huko, hata miti ya majina imeganda, na kutafuta tu kunataka usubiri. Data iende kwenye hifadhi hiyo ya baridi ukipenda. Orodha ibaki karibu.

Halafu kuna nani anaruhusiwa kutafuta. Kisanduku cha kutafutia cha bakapu mara nyingi hakijali ruhusa za seva ya awali, na mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kufungua folda ya mishahara bila mwenye folda kujua. Washa kumbukumbu za ukaguzi, na ziwekwe mahali ambapo msimamizi huyo hawezi kuzifuta.

Mfano wa hadharani wa kutotazama ni GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipoenda kuchukua bakapu za kila siku kwenye S3 walikuta hakuna kitu. Zana ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata yao, ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa kwa sababu ya DMARC, kanuni ya kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Kilichowaokoa ni snapshoti ya diski (LVM) iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Wenyewe waliandika haya yote wazi, na wanastahili sifa kwa hilo. Mtu mmoja kufungua hifadhi ile na kuangalia orodha ya faili angeligundua tatizo kwa dakika moja.

Kwa hiyo kila mwezi chagua faili moja kutoka bakapu ya zamani kuliko zote unazotunza, itafute kwa jina, ifungue, iangalie. Ikishindikana kwa jina lakini ikapatikana kwa kurejesha kazi nzima, umejua kwamba katalogi yako inapogolewa mapema. Na katalogi nayo inahitaji bakapu, kwenye mashine tofauti na ile inayoiendesha. Kanda au diski inayoibeba iandikwe lebo kwa kalamu, kwa sababu siku utakapoihitaji hutakuwa na kisanduku cha kuitafutia.