Kicheza muziki chepesi: uzito wake unapimwa wapi?

Kicheza muziki chepesi ni programu ya kompyuta inayosoma faili la wimbo, kulifungua na kupeleka sauti kwenye spika, basi. Haijiongezei kazi ambayo hukuiomba. Hapa Lubumbashi watu wengi huupima wepesi huo kwa ukubwa wa faili la kusakinishia: hii ina mega 5, ile ina mega 90, kwa hiyo ya kwanza ndiyo nyepesi. Kwa mtu anayenunua mega za intaneti kidogo kidogo, hesabu hiyo ina faida siku ya kupakua. Kesho yake haimsaidii tena. Uzito utakaoishi nao ni wa aina nyingine: nafasi ambayo programu inaishika kwenye RAM, yaani memori ya kazi ya kompyuta, namna inavyoisumbua prosesa na diski, na yale inayoyafanya chinichini wakati wewe unachapa TFC ya mteja, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, kwenye sekretariati yako.

Kucheza wimbo si kazi kubwa. Sauti ya CD ni vipimo 44,100 kwa sekunde, kwa kila upande wa spika, na kila kipimo kina biti 16. Zidisha kwa pande mbili upate biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani karibu MB 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 huishusha hadi karibu MB 1 kwa dakika, kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio huzikamata kwa shida. Kurudisha MP3 iwe sauti tena ni hesabu ambayo kompyuta za miaka ya tisini ziliimudu. Winamp ilitoka mwaka 1997, nyakati ambazo mashine ya nyumbani yenye RAM ya MB 32 ilikuwa ya kujivunia, nayo ilicheza MP3 huku mwenyewe akiendelea kuandika. Basi mashine yoyote ya mtumba inayouzwa mjini leo, hata iwe na GB 2 tu, ina nguvu ya ziada kwa kazi hii. Mtu akija na kusema, “Papa, mashine imechoka, hata muziki haiwezi,” mimi huangalia kwanza ni programu gani amefungua.

Uzito mkubwa wa siku hizi unatokana na jinsi programu zinavyojengwa. Nyingi huandikwa kama ukurasa wa wavuti, kisha hufungashwa pamoja na kivinjari kizima ndani yake. Msingi unaotumika sana ni Electron, uliotoka GitHub mwaka 2013, nao unabeba Chromium, kiini kilekile cha Chrome. Programu ya Spotify ya kompyuta pia inachora skrini yake kwa Chromium. Mtengenezaji anapumua, maana anaandika mara moja na kazi yake inafunguka kwenye Windows, Mac na Linux. Anayelipa ni RAM yako: umefungua kivinjari cha pili bila kujua, na MB mamia zimeondoka kabla wimbo haujaanza. Ni kukodi lori kwa kilo moja ya unga wa bukari. Sisemi programu hizo ni mbaya. Mwenye GB 16 hataona tofauti yoyote, na huduma ya nyimbo za mtandaoni ina kazi nyingi kuliko kusoma faili. Lakini kwa mashine ya GB 2 au 4 yenye nyimbo zake kwenye diski, hakuna sababu ya kuubeba mzigo huo.

Mzigo wa pili ni maktaba. Vicheza muziki vingi, mara tu vikifunguliwa, hupita folda zote na kusoma lebo za kila wimbo: jina, mwanamuziki, albamu, mwaka. Kisha hutengeneza faharasa, na vingine huendelea kuchungulia folda hizo kila wakati ili kuona kama umeongeza kitu. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, nyimbo elfu kumi zinaweza kuipigisha kelele kwa muda mrefu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, na onduleri yako, kile kifaa cha kushikilia umeme, ni ile iliyokufa betri, faharasa inaweza kuharibika na usomaji ukaanza upya.

Hapohapo kwenye maktaba ndipo zinapokaa picha za majalada, na hizi hudanganya watu sana. Picha ya pikseli 3,000 kwa 3,000 huweza kuwa faili dogo la JPEG, la MB 1 au 2. Ila ili ionekane kwenye skrini lazima ifunguliwe, na kila pikseli ikifunguliwa hivyo huchukua baiti 4. Piga hesabu: baiti milioni 36. Picha moja tu imekula RAM inayolingana na ukubwa wa nyimbo tisa za dakika nne za kilobiti 128. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huipunguza picha kwanza na kuhifadhi nakala ndogo. Ile isiyojali huonyesha ukuta mzima wa majalada, ukashangaa kwa nini kuteremka chini ya orodha kunakwamakwama.

RAM ikijaa inakuwaje? Windows 10 ya biti 64 inadai angalau GB 2, Windows 11 inadai GB 4, na hicho ni kiwango cha kuwaka tu. Kufanya kazi ni habari nyingine. Ukiongeza Firefox yenye kurasa kadhaa na Word, nafasi inaisha. Hapo mfumo huanza kuhamishia sehemu ya memori kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Diski inayozunguka haina haraka: kichwa chake kinakimbia huku na huku, kikihudumia memori, Word na wimbo kwa zamu. Kicheza muziki kikikosa data kwa nusu sekunde, sauti inakatika. Wimbo hauna kosa, spika hazina kosa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba programu nyepesi ni ile inayotumia RAM kidogo kuliko zote. Katika foobar2000, kicheza muziki cha Windows, kuna mpangilio unaoiambia programu isome faili lote la wimbo kwenye RAM kabla ya kulicheza. Wimbo wa dakika nne wa kilobiti 320 hauzidi MB 10. Unatoa MB 10, diski inakaa kimya mpaka wimbo unaofuata, na sauti haikatiki hata Word ikianza kuhifadhi TFC ya kurasa themanini. Hiyo ni RAM iliyotumika vizuri.

Sasa tuangalie nyimbo zetu zinatoka wapi, maana hili ndilo linaloamua zaidi ya umri wa mashine. Hapa wengi wetu hatununui albamu na kuipakua ikiwa na lebo zake kamili. Nyimbo huja kwa flashi ya rafiki, kwa kadi ya simu, kwa WhatsApp. Zile za WhatsApp huitwa AUD-20240512-WA0007 au kitu kama hicho, na mara nyingi ndani yake hamna jina la wimbo wala la mwanamuziki. Maktaba ikizisoma, huzirundika zote kwenye kapu moja la “Artiste inconnu”, yaani mwanamuziki asiyejulikana. Na zile zenye lebo, kila mtu ameandika anavyojua. Mpiga gitaa wetu mkubwa wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda, utamkuta kama Mwenda Jean Bosco, kama Bosco Mwenda, kama Mwenda wa Bayeke. Maktaba itakuonyesha wanamuziki watatu, na nyimbo za mtu mmoja zimetawanyika kurasa tatu.

Lakini angalia flashi zenyewe: zimepangwa kwa folda. Rumba, Kalindula, Nyimbo za dini, Za matanga, Za wazee. Mpangilio upo tayari, umetengenezwa na mtu anayejua nyimbo zake. Kwa hiyo sehemu nzito kuliko zote katika kicheza muziki, yaani maktaba, ndiyo inayotufaa kidogo kuliko zote. Mimi hutafuta kwanza programu inayokubali kucheza folda moja kwa moja: unaibofya, inacheza yaliyomo, haiulizi kitu. Mwenye rafu ya CD alizozinakili mwenyewe na kuziwekea lebo, huyo maktaba itamfaa, na programu ya MusicBee itamfurahisha hata kama ni nzito zaidi.

Kuna pia mzigo wa intaneti, ambao hauonekani kwenye RAM. Programu nyingine hutafuta majalada, maneno ya nyimbo, wasifu wa wanamuziki na matoleo mapya, zote kwa mega zako. Pita kwenye mipangilio uzime. Dakika tano zinatosha.

Kupima si lazima uwe fundi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Mashine nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo dirisha litaitwa “Gestionnaire des tâches”. Cheza wimbo, shusha dirisha la muziki chini, subiri dakika chache programu itulie, kisha soma safu ya “Mémoire” na ile ya “Disque”. Rudia kwa programu nyingine na wimbo uleule. Ikiwa jina la programu lina kishale pembeni, kifungue, maana zile zenye kivinjari ndani hujigawa vipande vingi na kila kipande kina hesabu yake. Kwenye Linux amri ya top inatosha, na safu ya kuangalia ni RES. Kwangu mimi, programu iliyotulia chini ya MB 50 ni nyepesi. Ikipita 200 huku imeshushwa chini na haionyeshi kitu, inafanya jambo ambalo sikuliomba.

Kwa Windows chaguo langu ni foobar2000, iliyotoka mwishoni mwa 2002 kwa mkono wa Peter Pawłowski, aliyewahi kufanya kazi Nullsoft, walewale wa Winamp. Sura yake ni kavu, ya kijivu, na vijana wakiiona wanadhani imeharibika. Inaweza kusakinishwa kwenye flashi ikatembea na mwenyewe, jambo zuri kwa anayetumia mashine za watu. Anayetaka sura ya kupendeza bila kulipa sana kwa RAM ajaribu AIMP. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, iwe nayo daima kwa sababu inafungua karibu kila kitu, hata zile sauti za WhatsApp za opus. Lakini kwa kusikiliza siku nzima orodha yake inanichosha.

Kwenye Linux kuna Audacious, mjukuu wa XMMS, kicheza muziki cha zamani cha Linux, inayokubali kuvaa ngozi za Winamp ya kale, na kuna DeaDBeeF. Asiyeogopa skrini nyeusi ya maandishi atumie cmus, haina hata kitufe kimoja cha kubofya. Zamani matoleo kadhaa ya Linux hayakuja na uwezo wa kucheza MP3 kwa sababu ya leseni. Mpango wa kutoza leseni hizo ulifungwa mwaka 2017, kwa hiyo sababu hiyo imeondoka.

Je, programu nyepesi ina sauti hafifu? Hapana. Zote zikifungua MP3 ileile hupata vipimo vinavyokaribia kuwa sawa kabisa. Tofauti unayoisikia ni ya vitu vilivyowekwa juu: besi iliyoongezwa, ikwalaiza iliyoachwa wazi, au sauti iliyopandishwa kidogo tu, maana sikio huona chenye sauti kubwa kuwa bora. Zima vyote, linganisha sauti, sikiliza tena.

Lililobaki ni la wenye nganda, yaani baa, na wanaocheza muziki kwenye sherehe, ambao huacha orodha moja ikiendelea usiku kucha. Orodha hiyo kwa kawaida huhifadhiwa kama faili la M3U, ambalo ni maandishi matupu: mstari mmoja, wimbo mmoja, na mahali ulipo. Kama mstari unasema E:\Rumba\wimbo.mp3, halafu kesho flashi hiyo ikapewa herufi F kwenye mashine nyingine, orodha yote inakufa ingawa nyimbo zipo. Fungua faili hilo kwa Bloc-notes (Notepad), ondoa E:\ kila mahali ibaki Rumba\wimbo.mp3, kisha liweke faili la orodha kwenye flashi yenyewe, nje ya folda zote. Na kwa kuwa majina yetu ya nyimbo yamejaa é na è, lihifadhi kwa UTF-8 na ulimalizie kwa .m3u8, la sivyo programu nyingine zitasoma vibaya herufi hizo na kuuruka wimbo.