Breki zenye upepo si breki za upepo

Juzi gereji, mwenye Canter kuukuu aliambiwa na fundi kwamba breki zake zina upepo. Akauliza kwa furaha, "Kumbe ni za upepo kama za Scania?" Fundi alicheka. Mimi sikucheka, ni mara ya tatu mwaka huu nasikia hilo.

Kutoa upepo ni kuondoa hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya mafuta ya breki. Basi. Mmoja anakanyaga breki na kushikilia, mwenzake yuko chini ya gari analegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta yanatoka yakitema mapovu, anakaza, ndipo wa juu anaachia. Mafuta hayabonyei, hewa hubonyea. Ndiyo maana breki yenye upepo ukiikanyaga huzama kama godoro.

Kinachowachanganya watu ni neno lenyewe. Waingereza husema wanaitoa breki damu. Sisi tumetaja ugonjwa wenyewe, na kwa hilo naona tumewashinda. Upepo ni ndugu wa kupepea na pepeo, na pepo pia, kwa hiyo ukisema fundi yuko chini ya Canter anapunga pepo hujakosea sana. Shida ni kwamba neno hilohilo tumewapa malori makubwa. Huko kompresa hujaza matangi, na upepo huo ndio unaofanya kazi ya kufunga breki. Ukiisha, springi hubana magurudumu na lori haling'oki. Kinachotolewa kwenye matangi yale ni maji yaliyojikusanya. Yaani Canter huumwa ikiingiwa na upepo, Scania huumwa ikiishiwa.

Na upepo hauingii bila mlango. Kwa magari yanayolala Tanga au Mombasa, chumvi hula mabomba ya chuma, hasa pale kibano kinapolishika bomba kwenye chesisi na tope likakaa humo. Kwangua kwa bisibisi: kutu ikibanduka kama ganda, bomba hilo libadilishwe, halifungwi kwa mpira wala halichomelewi. Jipya liwe la chuma au la shaba iliyochanganywa na nikeli, mdomo wake ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Kutoa upepo kila Jumamosi huku bomba linavuja ni kuteka maji kwa pakacha. Mafuta nayo hunyonya unyevu: DOT 3, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Hapo mvuke unazaliwa mlemle ndani, mteremkoni, breki zikiwa za moto.

Basi, kaka mwenye Canter, breki zako ni za mafuta. Zina upepo, ila si za upepo. Hiyo "za" ukienda nayo dukani utauziwa vipuri vya lori la mtu mwingine.